Methadoni au soba: ndugu wanapobishana
Kijana wa Majengo aliandikiwa tramado, dawa ya maumivu, baada ya kuanguka na bodaboda. Mgongo ukapona, vidonge vikaendelea. Sasa akikosa ni arosto: makamasi, kuharisha, miguu haitulii usiku kucha. Nyumbani wamegawanyika: wengine wanataka apewe methadoni, dawa ya kutuliza arosto, wengine apelekwe soba, nyumba ya kuwasaidia watu waache dawa za kulevya.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011; kwa Dodoma iko Itega, chini ya hospitali ya afya ya akili ya Mirembe. Ni dawa ya maji, unainywa mbele ya mhudumu, na kwa saa 24 hivi arosto inatulia. Kasoro yake ni nauli. Anayetoka Bahi kila asubuhi, ama ataacha kazi ama ataacha dawa. Tena imelenga zaidi watumiaji wa heroini. Wa vidonge pekee mara nyingi hupunguziwa dozi kidogo kidogo.

Soba unalala hukohuko miezi kadhaa. Mnakaa duara, kila mtu anasema lake. Wapo wanaodharau, eti maneno matupu. Lakini ni kwenye duara hilo mtu hugundua kwamba humeza kila akigombana na baba yake, jambo ambalo dawa haitamwambia. Hatari iko akishatoka: mwili umesahau, akirudia dozi ya zamani pumzi zinaweza kukata.

Mimi ningeanza kwa daktari, aamue suala la dawa, na mazungumzo yaanze wiki hiyohiyo. Na vile vidonge vilivyobaki kabatini kwa mama viondolewe kabla kijana hajarudi.