Kidole tumbo cha 205,200
Nianze na haki yao: mwanangu walimtibu vizuri. Kidole tumbo kilikuwa karibu kupasuka, wakampasua usiku ule ule wa Jumapili, na muuguzi wa zamu ya usiku alimbembeleza kama wake. Hospitali siitaji. Ni ya binafsi, iko huku kisiwani Mombasa, na kuta zake zanukia kuliko duka la marashi.

Mtaniuliza mbona sikwenda Makadara, hospitali kuu ya serikali. Mtoto amejikunja ndani ya tuktuk, anatapika. Dereva alisimama kwenye lango la kwanza lenye taa.

Pale mapokezi kabla ya yote waliuliza dipoziti: 50,000. Katiba, Kifungu cha 43, yasema hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura, lakini saa nne usiku sikuwa na pumzi ya kusoma katiba. Nilitoa mtaji wote wa mahamri, ndugu yangu akaongeza.

Na SHA, bima ya afya ya serikali? Hapo nalijilaumu mwenyewe. NHIF, bima ya zamani, ilipobadilishwa Oktoba 2024 nilijisajili, ila mchango sikulipa. Sisi wa biashara ndogo twalipa mwaka mzima kwa mkupuo, na kima cha chini ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600. Kila nikizikusanya, unga wapanda.

Siku nne hakuna aliyenionyesha hesabu. Nikiuliza, naambiwa, "Mama, utaiona ukipewa ruhusa." Alhamisi saa tatu asubuhi daktari akatoa ruhusa. Bili ikashuka saa kumi jioni: 214,600. Nikataka ichambuliwe mstari kwa mstari, keshia akanuna, akachapisha kurasa tatu. Glavu boksi sita. Daktari kuzuru mara mbili kwa siku, nami nilimwona mara moja tu. Kitanda siku tano ilhali tumelala nne. Ati ikipita saa sita mchana yahesabiwa siku mpya. Na nani alinichelewesha hadi saa kumi? Wao! Kulikuwa pia na sindano ya Ijumaa, siku ambayo haijafika. Nilipopaza sauti walipunguza 9,400. Angekuwa mama mwenye haya, angelipa na kushukuru.

Zilizobaki baada ya dipoziti: bangili zangu mbili za harusi 92,000, michango ya jamaa 41,000, mkopo wa chama 20,000, Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa simuni, 2,200. Ndipo nikapewa karatasi ya kuonyesha getini, kama natoa mzigo bandarini.

Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilihesabu matibabu kuwa balaa kwa nyumba yakipita asilimia 10 ya matumizi yake. Sisi kwa mwaka twatumia kama 336,000. Pigeni hesabu wenyewe.

Ukilazimika kwenda huko, daktari mwamini, lakini taka bili kila jioni, andika kila dawa na saa yake, na asubuhi ya ruhusa kaa dirishani kwa keshia mpaka akuchoke.

Kidonda tulikwenda kuangaliwa zahanati ya serikali hapa mtaani. Foleni ndefu, feni haifanyi kazi. Walisafisha, wakafunga bandeji mpya, nikauliza ni pesa ngapi. Muuguzi akanitazama: "Umejisajili SHA, si ndiyo? Basi nenda, mama."