Buffalo Bills kwenye The Music Man: koo nne tu na zinatosha

Kwanza kabisa ukiitafuta usiandike Buffalo Bills peke yake, utaletewa timu ya mpira wa Kimarekani mpaka uchoke. Andika The Music Man, ule mchezo wa kuigiza wenye nyimbo, diski ya waigizaji wenyewe wa Broadway, yale majumba ya michezo ya New York, ya 1958, ndo hiyo ninayoisema.

Hawa jamaa wanne walianzia mji wa Buffalo, New York, mwaka 1947, wanaimba ule mtindo wa barbershop, hamna ala, ni koo tu. 1950 wakachukua ubingwa wa kimataifa wa mtindo huo kule Omaha, Marekani. Wengi wangeishia hapo, lakini wao 1957 wakapanda Broadway kwenye mchezo huo, wakapewa kuigiza wajumbe wa bodi ya skuli wasiosikizana hata kidogo, ni kuzozana tu, mpaka anakuja tapeli mmoja anawapachika kwenye wimbo, basi ugomvi kwisha, na kila wakimbana awaoneshe vyeti vyake anawaanzishia wimbo mwengine halafu anachomoka zake. Nilicheka wallahi, baraza za huku Mji Mkongwe zina wazee wa hivyo hivyo kasoro kuimba.

Sie wa taarab tumezoea fidla na ganuni zitangulie, mwimbaji aje baadae. Sasa sikiliza ule wanaouita Sincere. Wimbo wenyewe kaushika Al Shea, na Vern Reed yuko juu yake, mwembamba lakini hamfuniki, Bill Spangenberg kashuka chini kule na bezi, Scotty Ward anaziba palipobaki. Wanapovuta neno la mwisho zile sauti zinagandana mpaka unahisi kuna mtu wa tano humo ndani, na hamna. Mie ni hapo tu naporudisha nyuma.

Kuna na ule wanaimba wao halafu Barbara Cook, mwigizaji mwenzao, anaingia na wimbo wake mwengine kabisa, na zote mbili zinakaa pamoja bila kugongana. Hapo nimewavulia kofia.

Lawama yangu, wao wenyewe wametiwa kidogo mno, diski nyengine yote ni okestra na watu wengine, wazuri ndio ila sikuwafata wao. Ukitaka kuwaona sura tafuta na filamu ya 1962, wamo walewale wanne. Kundi lenyewe lilimaliza 1967.

Nyota nne. Na tafadhali usiisikilize kwa spika ya simu, bezi ya Spangenberg yote inapotea, chomeka hedifoni.