Kukunja nywele usiku bila pasi wala draya: ukiwa Mtwara, nunua nini kwanza

Februari mwaka jana nilialikwa harusi Mikindani. Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikaosha nywele, nikapaka jeli ya kutosha, nikazizungusha kwenye ule mkanda mnene wa satini ambao huwezi kufungua simu usiuone, nikalala nikiota mikunjo. Saa kumi na mbili asubuhi nikafungua. Kushoto kulikuwa na mikunjo ya kuridhisha. Kulia nywele zilikuwa zimelowa na kunata kama tambara la deki. Harusini nilikwenda na mtandio.

Aliyenieleza kosa langu ni mama mmoja anayesuka jirani na soko kuu. Nilimwamkia, nikamweleza yote huku natoa ule mkanda kwenye mkoba ili auone. Hata hakuushika.

"Mwanangu, wewe umefunua sufuria wali haujakauka. Mkanda una kosa gani? Na mvua hizi, ulitegemea zikauke saa ngapi?"

Tangu siku hiyo kila kifaa cha kukunjia nywele nakipima kwanza kwa swali moja: nywele zitakuwa zimekauka alfajiri, au bado? Umbo linakuja baadaye. Unywele ukilowa, vile vifungo vidogo vya haidrojeni vinavyoushika umbo lake huachia. Ukikauka, hujifunga upya kwa umbo lolote ulilokutwa nalo. Pasi ya nywele inafanya kazi hiyohiyo kwa dakika chache, ila joto likizidi linaunguza keratini yenyewe, yaani protini iliyoujenga unywele, na hapo mkunjo wako wa asili hauurudishi kwa mafuta wala kwa stimu. Usiku bila moto ni salama zaidi, lakini unalipa kwa muda. Na vifungo hivyo havisubiri uoge ndipo viachie. Hewa yenye unyevu mwingi inatosha. Sisi wa pwani hii, Mtwara hata Lindi, hewa hiyo tunaivuta mchana na usiku, hasa kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zinapokuwa zimekolea. Kwa hiyo yule dada anayeonyesha mkanda kwenye video za simu, ambaye chumbani kwake hewa ni kavu, hakudanganyi. Anaishi kwingine tu.

Nimevipanga kuanzia cha kununua kwanza. Bei ninazozitaja ni nilizolipa mimi, tena baada ya kuvutana, kwa hiyo usimshikie muuzaji bango.

Cha kwanza: boneti ya satini

Najua, boneti haikunji kitu. Lakini ukinunua kingine chochote ukaacha hii, umenunua hasara. Foronya ya pamba hunyonya unyevu na mafuta, halafu kila ukigeuka inasugua nywele; asubuhi mikunjo uliyoihangaikia saa nzima imetimka upande mmoja. Khanga kichwani, ambayo wengi wetu tumekua nayo, ni pamba vilevile. Ivae kwa kufagilia uwanja, usilalie.

Yangu nilinunua elfu nne. Dukani igeuze ndani nje kabla hujauliza bei, kwa sababu zipo zinazong'aa nje tu na ndani zimewekwa kitambaa kinachokwaruza, na ndani ndiko kunakogusa nywele. Pitisha ukucha taratibu juu ya kitambaa. Nyuzi zikishika ukucha, irudishe. Kisha tazama lastiki. Inayobana sana inaacha alama kwenye paji la uso na polepole inakula nywele za pembeni, ambazo zikishaondoka kurudi ni shida. Ya kufunga kwa kamba ni bora, na ukubwa wake uwe wa kumeza kichwa pamoja na rola zake.

Wauzaji wengine watakuambia ni hariri. Satini ni namna ya kufuma kitambaa, si aina ya nyuzi, na hizi za madukani karibu zote ni polyesta. Haina neno, inateleza vizuri. Hariri ya kweli inatoka kwa kiwavi wa nondo na bei yake inajieleza. Ukiambiwa hariri kwa bei ya sahani ya chipsi, cheka tu kisha uendelee na safari.

Kama boneti inakuchomoka usiku (mimi mara nyingi huikuta miguuni), nunua mita moja ya satini umpelekee fundi cherehani. Kwa upana wa kawaida wa kitambaa, inatoka foronya moja na kipande kinachobaki kinatosha kilemba.

Cha pili: uzi mweusi wa kusukia

Hapa najua nitabishiwa, maana uzi umekaa kishamba machoni pa watu. Utotoni tulikuwa tunafungwa uzi Jumamosi, Jumapili tunakwenda madrasa vichwa vimesimama kama antena, na tuliapa kwamba tukikua hatutarudia. Nimekua, nimerudia.

Kwa nywele za kipilipili sijaona kinachoushinda katika hewa yetu. Unachukua fungu dogo lenye unyevunyevu, unalizungushia uzi kuanzia karibu na ngozi hadi nchani, ukiacha nafasi kidogo kati ya mzunguko na mzunguko, na kwa kuwa fungu ni jembamba hewa inapita, zinakauka. Ukiishia hapo, asubuhi nywele zimenyooka na kurefuka bila draya. Ukitaka mikunjo, kila fungu lililofungwa uzi lizungushe lenyewe kwa lenyewe mpaka liwe kifundo kidogo kilicholala, ncha uichomeke chini yake. Vifundo vinakaa chini, unalala ubavu wowote.

Uzi wenyewe unapatikana kwa wauza rasta. Nilichukua kibonge kwa mia tano na bado kipo. Usikubali uzi wa cherehani. Ni mwembamba, unakata nywele. Mzuri una mng'ao kidogo na ukiuvuta kati ya vidole hautoi manyoya.

Ubaya wake ni muda. Kichwa changu kinachukua saa moja na nusu nikiwa peke yangu, na mikono inauma kuinuliwa. Ubaya mwingine unauleta mwenyewe kwa kukaza. Ukilala ukaona paji la uso limevutika au vipele vidogo vimetoka kwenye mistari, fungua usiku huohuo. Kuvuta mizizi mara kwa mara ndiko kunakowapa watu vipara vya pembeni, iwe kwa uzi, rasta au mkia wa farasi.

Cha tatu: vijiti vya kupinda

Wengine wanaviita fleksi rodi. Ni waya uliovikwa sponji laini juu, unazungushia nywele halafu unakunja ncha zote mbili, basi, hakuna kibanio. Vinatoa mkunjo wa duara safi kuliko uzi, na kwa nywele fupi za kipilipili au za dawa vinapendeza kweli. Vingenipendeza kuwa vya pili kama si bei na usingizi.

Bei: pakiti ya vijiti 10 nililipa elfu nane, nikafika nyumbani nikagundua 10 vinaishia utosini. Kichwa chenye nywele nyingi kinataka 20 na zaidi, kwa hiyo hesabu pakiti mbili tangu dukani. Mwombe muuzaji uvipinde viwili vitatu, mara kadhaa, palepale. Waya mbovu unaanza kutoboa sponji nchani, na saa nane za usiku ukiwa umelalia utajua maana yake. Vyembamba ni vya nywele fupi na mikunjo midogo. Vinene vinataka urefu, la sivyo nywele hazimalizi hata mzunguko mmoja na nusu.

Usingizi: usiku wa kwanza unalala kama umelalia kuni. Elekeza vijiti vyote juu utosini, kisogo kiwe wazi, utapata pa kuweka kichwa.

Cha nne: rola za sponji

Bei rahisi, laini, ziko kila duka la vipodozi. Kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma na mvua zimekwisha, nazitumia bila kulalamika. Masika siziguse. Sponji inakunywa maji ya nywele halafu inayashika usiku kucha. Umezungushia nywele mbichi kwenye kitu kibichi. Dada yangu yuko Masasi, mbali na bahari, na kwake rola hizi ndizo namba mbili. Ukiona zilizovikwa satini, ongeza pesa kidogo uchukue hizo. Na kile kibanio cha plastiki kisifungwe mpaka mwisho, kinaacha mkato kwenye nywele.

Cha tano: mkanda wa satini

Siuchukii. Jirani yangu ana nywele za singa zenye mawimbi, zinamfika nyuma ya mabega; analowesha kidogo kwa chupa ya kupulizia, anaweka mkanda utosini kama hereni kubwa zinazoning'inia pande mbili, anazungusha, anafunga nchani, na asubuhi watu wanamuuliza saluni gani. Kwa nywele kama zake, au za dawa zilizovuka mabega, huu ungepanda hadi nafasi ya pili. Kwa kipilipili nzito tatizo ni lile la Mikindani: nusu ya kichwa nzima inarundikwa mahali pamoja, safu juu ya safu, na ya ndani haikauki.

Kabla hujatoa elfu kumi na mbili kama mimi, chukua mshipi wa gauni la kulalia au mguu mmoja wa soksi ndefu, ujaribu siku ambayo huna pa kwenda. Nywele zikikutii, ndipo ukanunue. Wengi hawatahitaji kwenda.

Rola ngumu za plastiki zenye meno zimetengenezwa kwa ajili ya kukaa chini ya draya saluni. Kuzilalia ni adhabu. Nimemaliza nazo.

Kuhusu jeli na mafuta

Geuza kopo usome viungo. Glycerini ikiwa imetajwa mwanzoni kabisa, jeli hiyo iweke mpaka kipupwe. Glycerini huvuta maji, na hewa ikiwa imejaa maji inayaleta yote kwenye nywele. Zinavimba, mikunjo inafumuka kabla hujafika stendi. Povu la nywele linakauka haraka kuliko jeli, kwa hiyo ukiwa na pesa ya kimoja, masika chagua povu.

Mafuta usihangaike na chupa za mbali. Nazi tunayo, na mafuta yake ni miongoni mwa machache yanayopenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, tofauti na yale ya madini yanayobaki juu. Paka kidogo kabla ya kuosha. Asubuhi, wakati wa kufungua, matone mawili kwenye vidole ili nywele ziteleze. Ukizidisha, mikunjo inalegea.

Na usizikunje zikiwa zinachuruzika. Osha mchana, ziache zikauke mpaka zibaki na unyevunyevu tu, ndipo ufunge. Alfajiri fungua fungu moja la nyuma, lile lililo chini kabisa, uligandamize kwenye midomo. Midomo inahisi ubichi kuliko vidole. Likiwa la baridi, lifunge tena. Feni inasaidia kumalizia, umeme ukiwepo. Gesi inachimbwa Msimbati hapo, na bado kuna usiku tunalala gizani.

Ukiwa na elfu tano tu mkononi, boneti na kibonge cha uzi, basi. Ukiwa na elfu ishirini na moja, ongeza pakiti mbili za vijiti kama nywele zako ni fupi. Kama ni ndefu za singa, pakiti hizo ziache, jaribu mkanda kwa mshipi wa gauni kwanza.

Limebaki jambo la bodaboda. Helmeti ni ya kila abiria, na inakandamiza mikunjo kuliko mto wowote. Mimi naondoka nyumbani Magomeni, ya hapahapa Mtwara, na boneti kichwani, helmeti juu yake, nashuka getini kazini, ndipo naivua na kuzitikisa nywele. Mlinzi siku za mwanzo alikuwa anageuka pembeni kwa aibu. Siku hizi ananishikia mkoba.