Rangi za flosaitometri: angalia tandemu kabla ya bei

Kwenye flosaitometri, yaani kupima seli moja moja kwa leza baada ya kuzipaka kingamwili zenye rangi, lalamiko lisilokoma ni hili: seli T zinaonekana zina CD19, alama ya seli B. Mwenye jaribio analaumu kingamwili ya CD19, ananunua nyingine, na picha inabaki ileile. Mkosaji yuko kwenye kichupa cha jirani: kingamwili ya CD3, alama ya seli T, iliyofungwa kwa rangi ya PE-Cy7.

PE-Cy7 ni tandemu, yaani rangi mbili zilizounganishwa. Leza ya nanomita 488 au 561 inaiamsha PE, PE inaipa Cy7 nishati, na mwanga unatoka karibu na 780. Cy7 ikiharibika, PE haina wa kumpa, inang'aa yenyewe karibu na 578, palepale CD19-PE inaposomwa. Kinachoiharibu ni mwanga, joto, paraformaldehaidi, na hata seli hai zikikaa na rangi nje ya barafu. Kuganda nako ni balaa, kwa kuwa PE, na APC inayoundia tandemu nyingine, ni protini.

Ung'avu kila muuzaji anautangaza, kwa hiyo hapa napanga kwa uimara, kwa mashine ya leza tatu: 405, 488 na 633.

Juu kabisa ni BV421, PE na APC. Si tandemu, na zinang'aa vizuri. Zipe alama hafifu kama CCR7. Jina la BV (Brilliant Violet) lisikuzubaishe: BV605, BV711 na BV785 ni tandemu. Ukichanganya rangi mbili au zaidi za jamii hii, tia kwanza mikrolita 50 za Brilliant Stain Buffer. Bila hiyo zinanatana, na seli zinajipanga mshazari kana kwamba kompensesheni, hesabu ya kuondoa mwanga wa rangi moja unaovujia kwenye usomaji wa nyingine, imekosewa.

Ya pili ni APC/Fire 750 ya BioLegend, na sifichi kwamba kampuni hii naipendelea: rangi hii inavumilia kuliko APC-Cy7, na kingamwili zao nyingi zinauzwa pia kwa pakiti za vipimo 25. APC-H7 ya kampuni ya BD ni imara pia, ila imefifia kidogo.

PE-Cy7 inafuata, maana inang'aa na ni vigumu kuikwepa. APC-Cy7 iwe ya mwisho. FITC ni rahisi kwa bei. Ipe CD8, inatosha.

Kichupa cha PE-Cy7 kikifika, kipime siku hiyohiyo. Tia kingamwili yake kwenye tone moja la shanga za kompensesheni (chembe za plastiki zinazonasa kingamwili), soma kwenye PE na PE-Cy7, andika uwiano. Rudia kila mwezi; upande wa PE ukipanda, tandemu inakufa. Kompensesheni ifanywe kwa kichupa kilekile cha jaribio, na kama sampuli zinatiwa paraformaldehaidi, zitie na shanga, kwa muda uleule.

Usimwage dozi ya kwenye lebo bila kuijaribu. Anza nayo, punguza nusu kwa nusu mara sita, chagua inayotenganisha vizuri zaidi seli zenye alama na zisizo nayo. Mara nyingi nusu ya dozi inatosha, na pakiti inadumu maradufu.

Sasa mawakala. Bei wanayokuandikia haina usafiri, namba ya loti haipo, na ukiomba vipimo 25 unaambiwa zipo 100 tu, zimebakiza miezi michache kuisha muda. Mbaya zaidi ni anayefunga PE kwenye barafu kavu "ili ifike baridi". Barafu kavu ni nyuzi 78 chini ya sifuri! Rangi hizi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na vifuko vya jeli vilivyopozwa tu. Kabla ya kulipa, dai kwa maandishi loti, tarehe ya kuisha muda na namna ya kufungasha. Mzigo ukitua, fungua boksi mbele ya dereva. Ukikuta kichupa kimeganda, kipige picha, usisaini.