Kodak Gold 200 katika jua la Kariakoo: tathmini baada ya mikanda 14

Katika muda wa mwaka mmoja na miezi michache nimemaliza mikanda 14 ya filamu ya Kodak Gold 200, yote katika kamera moja, Nikon FM2 yenye lenzi ya milimita 35, na karibu yote katika eneo ambalo mtu hulimaliza kwa miguu ndani ya nusu siku jijini Dar es Salaam: Kariakoo, Mnazi Mmoja, Mtaa wa Samora hadi kwenye Sanamu ya Askari, kisha Kivukoni na Soko la Samaki la Feri. Naandika kwa sababu tathmini nyingi za filamu hii nilizozisoma kabla ya kuanza zilitoka kwa watu wanaopiga picha katika miji yenye mwanga laini, na ushauri wao ulinigharimu mikanda mitatu ya mwanzo ambayo ndani yake sikupata hata picha tano za kuchapisha.

Kwa asiyeifahamu, Gold 200 ni filamu ya negativu ya rangi (penye mwanga hutoka giza na penye giza hutoka mwanga, hadi ichapishwe), yenye wepesi wa ISO 200, iliyosawazishwa kwa mwanga wa mchana, na husafishwa kwa utaratibu wa C-41 ambao ndio wa kawaida kwa filamu za rangi. Hutengenezwa Rochester, New York. Jamii ya Gold imekuwa sokoni tangu miaka ya 1980, na mwaka 2022 ikatolewa pia kwa kamera zinazotumia mkanda mpana wa 120. Ya milimita 35 huuzwa kwa mikanda ya picha 24 au 36. Ni ya bei nafuu kuliko Portra 400 ya kampuni hiyohiyo, na unafuu huo si jambo dogo, kwa kuwa picha za mtaani hazipatikani kwa kubana mkono: unapiga kumi ili upate moja, na mwenye kuhesabu kila picha kwa uchungu hujikuta anaishusha kamera sekunde ileile ambayo alipaswa kubonyeza.

Sasa tuje kwenye jua, kwa maana filamu yoyote ya rangi katika Dar es Salaam inahukumiwa hapo kwanza. Mji huu uko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Hata katika miezi mingine, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri mwanga unashuka kutoka juu, kivuli cha mtu kinajikusanya miguuni pake, na uso wa aliyevaa kofia au aliyejitwisha kapu unakuwa gizani huku bega lake likiwaka. Kwenye Mtaa wa Kongo utaukuta uso wa namna hiyo kila hatua mbili. Ukipima mwanga wa mtaa mzima kama kipima mwanga cha kamera kinavyopenda, utapata picha nzuri ya mashati na vitambaa, na nyuso zitakuwa madoa meusi yasiyo na macho.

Hilo ndilo lililonipata katika mikanda mitatu ya mwanzo. Niliweka kamera kwenye ISO 200 kama boksi linavyosema, nikakifuata kipima mwanga, na ngozi zetu zikatoka kama udongo uliokauka, za kijivu, zenye chembe nyingi, bila ule mng'ao ambao jicho linauona mtaani. Jambo hili lina historia ambayo kila mpiga picha wa Afrika anastahili kuifahamu. Kwa miongo kadhaa maabara nyingi za kuchapisha picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi za majaribio zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la kadi za Shirley, na ngozi iliyo tofauti na yake ikaachwa ijitafutie nafasi. Waliowahi kufanya kazi Kodak wamesimulia kwamba msukumo wa kuziboresha filamu ili zione vyema rangi za kahawia ulitokana kwa kiasi kikubwa na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao walitaka bidhaa zao zitofautiane katika matangazo. Nikiri kwamba habari hiyo iliniumiza nilipoisoma mara ya kwanza, na bado inaniuma. Filamu za leo, hii ikiwemo, si zile za miaka ya 1960, lakini funzo la kazi limebaki palepale: ngozi nyeusi inadai mwanga wa kutosha kwenye negativu, na mpiga picha ndiye anayepaswa kuutoa.

Kuanzia mkanda wa nne niliiweka kamera kwenye ISO 100, yaani nikaipa filamu mwanga mara mbili ya ule uliopendekezwa, na kila kitu kikabadilika. Katika jua la wazi ninatumia tundu la lenzi la f/8 na kasi ya shata ya 1/500, nikiwa nimeifunga fokasi kwenye mita 3, ambapo kila kilichopo kati ya kama mita 2 na mita 7 kinatoka kikiwa kikali vya kutosha, nami nabaki na kazi moja tu, ya kutazama watu. Uso ukiwa chini ya kofia, nashusha kasi hadi 1/125 na kuacha jua liwe litakavyokuwa. Watengenezaji wanasema filamu hii inavumilia mwanga uliozidi kwa hatua tatu na uliopungua kwa hatua mbili, na kila hatua ni kuuzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo nimeihakikisha mwenyewe mara nyingi, na ni kweli. Nusu ya pili siikubali: hatua moja tu ya upungufu inatosha kuua wekundu wa ngozi, na mbili zinakuachia matope.

Picha iliyonithibitishia haya ni ya mzee mmoja anayeuza kahawa na kashata karibu na Mnazi Mmoja. Ilikuwa saa tano asubuhi. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia iliyodariziwa, ameketi kwenye kigoda huku nusu ya mwili wake ikiwa juani na nusu ikiwa kivulini mwa ukuta, na birika lake la shaba limekaa juu ya jiko dogo la mkaa. Nilipima mwanga kwenye shavu lililokuwa kivulini, nikapiga wakati anamimina. Kwenye negativu kanzu ilikuwa nzito sana, yaani nyeusi, lakini ilipochapishwa, mikunjo yake yote ilikuwepo hadi kwenye mshono wa bega, wakati huohuo shavu la kivulini lilionyesha mvi moja moja za ndevu na rangi ya kahawia yenye joto, kama mti wa mninga uliopakwa mafuta. Shaba ya birika ilitoka karibu na rangi ya asali. Katika muda wote niliotumia kamera ya dijitali sikuwahi kupata kanzu juani na uso kivulini katika picha moja bila kimojawapo kufa, na ninaamini hii ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuendelea na negativu ya rangi katika mji huu.

Nikizungumzia rangi kwa ujumla, Gold inaegemea upande wa njano na wekundu. Khanga nyekundu inatoka imejaa bila kuvuja, embe na nanasi za kwenye mikokoteni zinavutia, vumbi la kiangazi linakuwa la dhahabu. Gharama yake inalipwa upande wa buluu na kijani: anga la Feri linavutwa kuelekea rangi ya maji ya bahari, na majani ya miembe yanakuwa ya njano kidogo kuliko yalivyo. Wapo wanaoliona hilo kuwa kasoro. Mimi naona linaendana na Kariakoo, lakini sendi nayo kupiga bustani.

Udhaifu wake mkubwa uko kwenye kivuli kizito. Ukiingia kwenye vichochoro vyenye maturubai juu, au chini ya vibaraza vya majengo ya zamani ya Kisutu, mwanga unapungua hatua nne au tano kwa mara moja, na ISO 100 inakulazimisha kufungua lenzi hadi f/4 au zaidi. Hapo eneo lililo kali linabaki kama mita 2 tu mbele yako, na kuli anayepita kwa kasi na gunia mgongoni anakuwa ukungu. Nimepoteza picha nyingi kwa njia hiyo, moja ikiwa ya watoto wawili wa shule waliokuwa wamelala juu ya marobota ya mitumba, na sitaisahau. Jioni pia ni fupi. Jua la pwani yetu linazama wima, na kutoka kwenye mwanga mzuri wa saa kumi na moja na nusu hadi kwenye taa za wamachinga kuna nafasi ya picha kumi na mbili, labda kumi na tano. Taa zikishawaka, Gold inageuza vyeupe kuwa vya kijani na nyuso kuwa za nta. Usiku si wake, na anayetaka Kariakoo ya usiku atafute Portra 800 au kitu cha namna hiyo. Kwa mwanga wa mchana naipa alama 9 kati ya 10, kwa kivuli naipa 5.

Portra 400 niliitumia mikanda miwili kwa kulinganisha. Chembe zake ni laini zaidi, ngozi inatoka vizuri hata ukikosea, na kwenye kivuli inakupa hatua moja ya ziada ambayo mtaani ni sawa na kupata picha au kuikosa. Lakini rangi zake zimetulia mno kwa mji huu, na kwa bei yake nilijikuta nikibania. Filamu za slaidi, zinazotoa picha yenyewe badala ya negativu, na ambazo ndizo zilizotumiwa na wapiga picha kina Saul Leiter na Helen Levitt katika mitaa ya New York, hazifai kabisa katika jua letu la mchana, kwa kuwa zinasamehe kidogo mno: ukiuokoa uso umeichoma kanzu.

Liko jambo lingine ambalo boksi halisemi. Kamera ya filamu haina kioo cha kumwonyesha mtu picha yake papo hapo, na katika mji ambao swali la kwanza ni "unatupiga picha uende ukatuuze wapi?", hilo linaweza kukuletea ugomvi. Nilijifunza kuanza na salamu, shikamoo kwa anayestahili, kueleza kwa sentensi moja ninachofanya, na kutopiga nikikataliwa. Pia narudi na chapa. Picha ya karatasi imenifungulia barabara ambazo maneno hayakuzifungua. Karibu na Ikulu na kwenye kivuko chenyewe kamera inakaa begini, imefungwa.

Kuhusu kusafisha, nitoe onyo. Mkanda wangu wa saba niliupeleka kwenye maabara moja ambayo sitaitaja jina, nikaupokea baada ya wiki tatu ukiwa na vivuli vya kijani tangu mwanzo hadi mwisho na alama za maji yaliyokaukia juu yake. Utaratibu wa C-41 unahitaji dawa ya kwanza iwe na joto la nyuzi 37.8 na filamu ikae humo dakika 3 na sekunde 15, na dawa iliyochoka au iliyopoa haisamehewi na filamu yoyote. Kabla ya kumkabidhi mtu kazi ya siku nzima, muulize anasafisha mikanda mingapi kwa wiki, na uombe kuona negativu za mteja mwingine kwenye mwanga. Muulize pia kuhusu skana, kwa kuwa mashine ikiachwa isahihishe rangi yenyewe huondoa ule ujoto wote ulioulipia na kuwafanya watu wa Kariakoo waonekane wamesimama chini ya mawingu ya nchi ya mbali.

Joto ni adui mwingine. Mikanda yangu inakaa kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa, naitoa usiku wa kuamkia siku ya kazi ili unyevu usigande juu yake, na sijawahi tena kuacha kamera ndani ya gari tangu Februari moja ambapo mkanda mzima ulitoka na utando. Ikiwa ndugu anakuletea filamu kutoka nje, mwambie aibebe mkononi na aombe ikaguliwe kwa macho uwanjani, hasa penye zile mashine mpya za mionzi mikali.

Nilimpelekea yule mzee wa kahawa chapa yake mwezi uliofuata. Alipangusa mikono kwenye msuli aliokuwa ameutandika magotini, akaishika pembeni, akaitazama kwa muda, akasema, "Hapa mpaka mvi zimeonekana, mwanangu." Kisha akaniuliza kama inawezekana kupata nyingine kama hiyohiyo ya kumpelekea binti yake Lindi. Negativu ilikuwepo, nikaichapisha wiki ileile.