Ukuta wetu wa Tudor kutiwa nanga: uzoefu wangu

Nyumba yetu iko Tudor, Mombasa, upande unaoteremkia mkono wa bahari. Nyuma yake pana ukuta wa mawe ya matumbawe alioujenga marehemu babu kwa chokaa, kimo mita 3 na kitu, unaozuia udongo wa kiwanja cha jirani wa juu. Masika yaliyopita ukatoa tumbo. Ufa uliokuwa mwembamba kama uzi ukawa unaingia kidole.

Fundi wa kwanza aliupiga plasta ya saruji, ukapendeza, akalipwa akaenda zake. Kumbe kaziba matundu yote ya kutolea maji! Mvua iliyofuata, ukuta ulivuja jasho usiku kucha na watoto tukawahamishia chumba cha mbele.

Waliokuja baadaye na nanga za ardhini, yaani nondo ndefu zinazopita ukutani na kushikiliwa ndani ya ardhi nyuma yake, hawakugusa chuma siku ya kwanza. Walibandua plasta, wakazibua matundu, wakamwomba jirani ageuze bomba la paa lililokuwa likimwaga nyuma ya ukuta. Hapo ndipo nilipowaamini, maana maji yakinaswa huko nyuma husukuma kuliko udongo wenyewe.

Kisha wakatoboa mashimo 11, yameinama kidogo kuelekea chini. Mwanzo lilitoka vumbi jekundu. Baada ya kama mita 4 likageuka jeupe, na msimamizi akalisugua kiganjani: "Hili ni jiwe sasa, mama. Hapa ndipo chuma kitakaposhika." Nondo ikaingizwa, uji wa saruji ukasukumwa hadi ndani kabisa. Sehemu ya mbele ya nondo, iliyo upande wa ukuta, huvikwa mpira wa plastiki isigandamane na saruji, ndiyo iweze kuvutika.

Wakangoja wiki nzima. Ndipo wakaleta jeki, wakavuta kila nanga kupita mzigo itakaoubeba, wakitazama saa ya vipimo. Ya saba ilikuwa ikiteleza polepole. Hawakubishana nami, walitoboa nyingine kando yake bila kuongeza bei. Mwisho wakakaza nati juu ya bamba la chuma na kuifunika kwa kofia iliyojaa grisi, kwa kuwa chumvi ya huku hula chuma upesi.

Masika haya yamepita na alama nilizochora kwenye ufa hazijasogea. Gharama iliniuma, ila kubomoa na kujenga upya kungezidi, na mwembe wa jirani ungeng'oka.

Nawapa nyota 4. Moja nimeizuia kwa sababu karatasi ya vipimo vya jeki niliiomba mara tatu. Ukifanyiwa kazi hii, idai kabla hujamaliza kulipa.