Gauni la CC41: limezaliwa vitani, bado linavalika

Ukifungua shingo au ubavu wa gauni hili utakuta lebo ndogo: C mbili zilizomegwa kipande, kisha namba 41. Ndiyo alama ya Utility, mpango wa mavazi ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1941 na kufungwa 1952. Kwa mtu anayetaka gauni la zamani la kuvaa, si la kutundika tu, tungeanza na hili.

Umbo lake lilitokana na uhaba wa Vita vya Pili vya Dunia. Mgao wa nguo ulianza 1 Juni 1941: mtu mzima alipewa kuponi 66 za mwaka mzima, na gauni moja la sufu lilimeza 11. Mwaka 1942 kanuni zikakaza zaidi. Mifuko isizidi miwili, vifungo vitano, mishono ya sketi sita. Urembo usio na kazi, marufuku. Wabunifu wa mavazi wa London, akina Norman Hartnell na Hardy Amies, walipoombwa kubuni ndani ya mipaka hiyo, walibaki na silaha moja tu, mkato. Ndiyo maana mabega yamenyooka, kiuno kimekaa sawa, na sketi inaishia karibu na goti bila kitambaa cha ziada kuning'inia.

Ubahili huohuo ndio kasoro yake kubwa. Akiba ya kitambaa kwenye mishono mara nyingi ni finyu, kwa hiyo usinunue dogo ukitegemea fundi atalipanua. Lilaze, pima kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Lizidi kifua chako kwa angalau sentimita 5. Kisha liinue kwenye mwanga uangalie makwapa. Jasho hula nyuzi polepole, na kiraka hakishiki pale ambapo kitambaa cha pembeni nacho kimechoka. La sufu likague matundu ya nondo, hasa chini ya kola.

La krepu ya rayoni (kitambaa chenye mikunjo midogo, cha nyuzi zinazotengenezwa kiwandani) lina ujanja wake: likilowa hupungua nguvu na huweza kusinyaa vibaya. Usililoweke wala kulitundika likiwa bichi. Zipu ya chuma ikikwama, paka ncha ya penseli kwenye meno yake. Ukiivuta kwa nguvu, kitambaa ndicho kitakachochanika.

Wengi hukimbilia mtindo alioutoa mbunifu wa Paris, Christian Dior, Februari 1947, sketi pana na kiuno cha nyigu, wakati Waingereza bado walikuwa wakihesabu kuponi (mgao wa nguo uliisha 1949). Ni mzuri pichani. Kuukalia ndani ya basi ni shughuli nyingine.

Lebo peke yake isikutoe pesa, kwani huhamishwa kutoka nguo moja hadi nyingine. Angalia zipu: ikiwa ya plastiki, ama imebadilishwa baadaye, ama gauni lenyewe si la miaka hiyo.